Sista wa Ndalu na Jua la Chupa

Mwavuli ndio uliotangulia kufika, mwenyewe akafuata. Siku ya soko pale Ndalu, saa nne asubuhi wakati wa kiangazi, mbuzi wameshajibanza kwenye vivuli vya vibanda, ungeona mwavuli mweusi ukija polepole kutoka upande wa zahanati. Chini yake kulikuwa na sweta ya mikono mirefu, soksi nzito, na kofia ya kufuma iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Huyo ndiye Sista. Na Sista huyo, aliyejifunika kama hindi lisilomenywa, alikuwa njiani kwenda kuwaambia akina mama wawavue watoto wao nguo na kuwaweka juani.

Watu wa Ndalu hawakuona kichekesho hapo. Mimi nilikiona, lakini mimi nimetembea.

Kwetu muuguzi yeyote wa kike huitwa Sista, awe na rozari shingoni au awe na watoto tisa. Huyu alifanya kazi ya kupima na kuchanja watoto katika zahanati yetu kwa miaka mingi, akastaafu, na kesho yake akarudi kazini kana kwamba barua ya kustaafu ilikuwa imeandikiwa mtu mwingine. Wakubwa wake walimwacha tu. Nadhani waliona ni rahisi kuzoea mwavuli ule kuliko kumwambia mwenye mwavuli aende nyumbani.

Lazima niseme jinsi mtoto anavyofungwa huku kwetu, la sivyo hutamwelewa. Baridi ya Mlima Elgon ikishuka asubuhi, mama humvisha mtoto fulana, kisha sweta, kisha sweta nyingine iliyoletwa na shangazi ili shangazi asinune, kisha kofia, soksi, shali mbili na blanketi. Kinachobaki nje ni pua. Halafu mtoto hufichwa ndani wiki hadi wiki, kwa sababu nje kuna baridi na kuna watu wenye jicho baya. Akianza kutembea, miguu imepinda kwa matege, katika nchi ambayo ikweta yenyewe ni jirani. Ukifikiria vizuri, ni kazi ngumu kumnyima mtoto jua mahali kama hapa. Inahitaji bidii ya ukoo mzima.

Sista alimpokea mtoto wa namna hiyo kwenye mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti ya baraza, akamzungusha, akamtafuta ndani ya nguo, kisha akamuuliza mama, "Huyu ni mtoto ama ni mzigo wa kutumwa Nairobi?"

Mama alicheka kwa haya. Sista hakucheka. Alifungua nguo moja moja huku akisema kwamba jua la Ndalu halina foleni wala halitaki kadi ya kliniki, mtoto atolewe mikono na miguu nje kila siku kabla halijawa kali, na asiharakishwe, maana ngozi yetu nyeusi ni pazia zito na mwanga unahitaji muda kupita. Akishamaliza, alirudi kwenye kona yenye giza kuliko zote pale barazani, akafungua mwavuli hata humo ndani ya kivuli, akaendelea kufuma sweta za watoto. Ndiyo, sweta. Aliwafumia wajawazito bure, kisha akawagombeza kwa kuzitumia. Nilimuuliza siku moja kuhusu mkanganyiko huo. Akasema sweta ni ya jioni na jua ni la asubuhi, na kwamba mtu mwenye diploma hapaswi kufundishwa saa.

Hapo tumefika kwenye diploma, na sioni sababu ya kuipita kimyakimya. Niliondoka Ndalu na begi moja na viatu vya kuazima, nikaenda Skotilandi, mji unaoitwa Aberdeen. Niliosha masufuria, kisha nikaosha wazee katika nyumba ya kuwatunza, na kati ya zamu na zamu nikasoma hadi nikapata Diploma ya Huduma za Afya na Jamii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyepiga simu. Leo nina nyumba Kitale yenye maji ya moto kwenye kila bomba, na nyumba za kupangisha kule Kanduyi. Diploma iko kwenye fremu sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa hata akijitahidi. Watu wa kwetu walisikia neno "afya" wakaamua kwamba mimi ni aina fulani ya daktari. Sikutaka kuwachosha kwa ufafanuzi.

Sista ndiye peke yake aliyetaka ufafanuzi. Niliporudi likizo ya kwanza, aliniuliza mbele ya watu nje ya kanisa, "Diploma ya nini hasa?"

Nikamwambia ni ya mambo ya afya.

"Mambo ya afya ni mengi," akasema. "Hata kuchimba choo ni mambo ya afya."

Tangu siku hiyo jina nililobatizwa lilikwisha kazi. Aliniita Diploma. Alilitamka bila kucheka, kama mtu anayesoma jina kwenye rejista, na hilo ndilo lililouma.

Sasa kuhusu zile chupa. Kule Aberdeen jua la majira ya baridi huja kama mgeni asiyetaka hata chai: linachungulia saa tatu, saa tisa limeshaaga. Kwa hiyo wazee wetu tuliwapa vidonge vya vitamini D, na sisi wafanyakazi, hasa sisi weusi, tukaambiwa tumeze pia. Nilisoma maandishi yote ya kwenye chupa. Nilisoma hata kwenye mtandao. Wakati huo vitamini D ilikuwa inatibu kila kitu: moyo, mafua, huzuni, saratani, na nadhani ingengojewa kidogo ingetibu hata siasa. Nikamnunulia Mama. Nilimtumia chupa kila nilipompata mtu wa kubeba, na juu ya kila kifuniko niliandika kwa kalamu nene: MAMA, KIMOJA KWA SIKU.

Habari zikamfikia Sista. Baada ya ibada alisimama chini ya mwavuli wake, jua la Ndalu likiwaka pande zote, akawauliza waumini kama wamesikia kwamba kuna mtu ametoka hapa na kwenda Ulaya kutuletea jua ndani ya chupa. Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akatoka kuangalia. Niliyasikia hayo kwa simu nikiwa Aberdeen, nje mvua inanyesha kwa ubavu, na sikuyasahau.

Nilipokuja likizo ya pili nilimfuata barazani na hoja zangu. Nilidhani naenda kubishana na bibi kizee wa mizani. Alitoa simu yenye kioo kilichopasuka, akatoa na lenzi ya kukuzia maandishi, akaanza kunionyesha utafiti wa siku hizi. Aliusoma kwa Kiingereza, neno moja baada ya lingine, kama mtu anayechambua maharagwe. Akaniambia kwamba ile habari ya dawa ya kila kitu imepoa. Watafiti wamewapima watu na kuona kwamba aliye na vitamini hiyo ya kutosha hapati faida ya maana kwa kuongeza. Anayefaidika ni yule aliyepungukiwa.

"Ni kama chumvi," alisema. "Mboga isiyo na chumvi, unaokoa chakula. Mboga yenye chumvi, unaongeza ya nini?"

Kisha akanifundisha jambo ambalo, nakiri, halikuwa kwenye diploma yangu. Kwamba hiyo tunayoiita vitamini, ikishafanyiwa kazi mwilini, ni homoni. Kwamba imetokana na mafuta yaleyale ya kolesteroli ambayo mwili hutumia kutengeneza homoni za steroidi, zile za kiume, za kike, na ile ya kukabili shida inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. "Ni ukoo mmoja," alisema. "Huyu anajenga mfupa. Yule ndugu yake wa kwenye figo, akikaa kwa kiasi, anakuamsha asubuhi. Akizidi, anakula mfupa uleule uliojengwa na ndugu yake. Ni kama boma lolote lile."

Nikamuuliza, kwa heshima ya kejeli, kama anajua hayo yote kwa nini yeye mwenyewe hajitoi juani. Akatazama sindano zake za kufuma. Akasema mvua ikinyesha humuulizi kuku kwa nini amesimama mlangoni. Sikuelewa, na nilidhani hata yeye hakuelewa.

Alikuwa na mambo mengine yasiyoeleweka. Kila mwezi alisafiri kwenda Kitale, akashinda huko siku nzima, ati kununua uzi wa kufuma. Alirudi na kiuzi ambacho angekipata hapohapo Ndalu. Wenye kupenda kusema walisema ana mzee huko. Uso wake ulikuwa wa mviringo, mashavu yamejaa, na juu ya mikono na miguu myembamba ulionekana kama umeazimwa. Watu walisema pensheni ya serikali imemkaa usoni. Hata mimi nililisema hilo, na lilichekwa vizuri.

Basi nikarudi nyumbani kabisa. Nilimkuta Mama amenona.

Nataka hili lieleweke. Nilimwacha akiwa mwanamke mkavu, mwenye magoti yaliyolia kama mlango wa ghala, anayeshuka shambani kwa fimbo. Nilimkuta na mashavu ya duara yanayong'aa, shingo imejaa hadi nyuma, anatembea bila fimbo, anapalilia mahindi na kuimba. Kwetu kunenepa ni cheti. Mama akinenepa, mtoto amefaulu. Sikuhitaji mtu anitafsirie uso ule: zilikuwa simu zangu, vifurushi vyangu, miaka yangu ya kuosha masufuria, vyote vimekaa pale mashavuni kwa kila mtu kusoma. Na vile vidonge vyangu vya vitamini, bila shaka. Nilifanya karamu ya shukrani. Nilichinja ng'ombe.

Katika hotuba yangu, ambayo haikuwa fupi, nilimsimamisha Mama na kuwaomba wageni wamtazame. Khocha, yaani kaka yake Mama, alisimama pia bila kuombwa. "Oneni dada yangu vile ameng'ala," alisema. "Hii ni Ulaya, bana. Ulaya imefika mpaka Ndalu." Watu walipiga makofi. Mama alishika mashavu yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika sahani ya mgeni.

Sista alikuwa amekaa pembeni ya hema chini ya mwavuli, ndiyo, mwavuli ndani ya hema. Aliinuka, akaja hadi kwa Mama, akamshika mkono na kuugeuza. Kulikuwa na madoa ya zambarau kwenye ngozi, kama ya mtu aliyegongwa. Akamshika shavu. Akamgusa nundu ndogo iliyoota nyuma ya shingo. Kisha akaniambia kwa sauti ambayo meza tatu ziliisikia:

"Hii si nyama ya ng'ombe wako, Diploma."

Nilijua hapo kwamba ni wivu. Mtu amezoea kuwa mwenye mashavu peke yake kijijini, na sasa kuna mwingine.

Alimuuliza Mama anameza nini. Mama akasema hamezi kitu, anamshukuru Mungu tu. Sista akanivuta nyuma ya masufuria ya pilau. "Kuna kitu anameza," akaniambia. "Kitafute. Ukikipata usikitupe. Niletee kwanza, kabla hujafanya kitu chochote. Umesikia? Usikitupe."

Nilisikia. Sina tatizo la masikio. Lakini nilikuwa na wageni, na sehemu niliyoibeba kichwani ilikuwa ile ya kutafuta.

Nilikitafuta siku ya tatu baada ya karamu. Kilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya rafu ya vikombe: vifuko vya karatasi ya nailoni, kila kimoja na vidonge vidogo vyeupe, hakuna jina, hakuna maelezo. Mama aliketi kwenye kiti akaniambia ukweli bila kubanwa. Alivinunua Chwele siku ya soko, kwa mtu mwenye kipaza sauti anayeuza dawa ya mgongo na magoti. Misimu miwili ya mahindi sasa. Siku ya kwanza alimeza viwili, na siku ya pili aliinuka bila fimbo.

"Nilikuwa natambaa, mwanangu," alisema. "Wewe ulikuwa mbali. Hiyo dawa ndiyo ilinipa miguu."

Na vidonge vyangu vya Skotilandi? Akasema vilikuwa vikubwa kooni. Alimpa mtu aliyevihitaji. Sikuuliza ni nani, maana hasira ilikuwa imeshafika mbele ya swali.

Nilifanya kile ambacho mtu aliyesoma hufanya. Nilitoa mhadhara. Nilimweleza Mama, pamoja na mke wa ndugu yangu anayeishi na Mama, na Khocha aliyekuwa amepita kuangalia kama nyama imebaki, kuhusu hatari ya dawa za sokoni. Nilijirekodi kwenye simu kwa ajili ya kundi la familia. Kisha nikaenda hadi chooni nikavimwaga vyote shimoni, kifuko kwa kifuko, nikatikisa kopo. Video hiyo ilipata sifa nyingi. Binamu aliyeko Nairobi aliandika kwamba ukoo sasa una kichwa.

Kesho yake Mama alisema amechoka. Nikamwambia ni sumu inatoka. Siku ya pili hakula, na alichokunywa kilirudi. Nikamwambia ni sumu inatoka. Siku ya tatu nilienda Kanduyi kuangalia paa la wapangaji, na hapo ndipo mke wa ndugu yangu aliponipigia. Mama alikuwa ameanguka mlangoni asubuhi akijaribu kutoka nje. Ngozi yake ilikuwa baridi, macho yamefunguka lakini hayakumjua mtu. Wamemwita Sista. Sista ameshasimamisha gari na wanaelekea Kitale.

Kutoka Kanduyi hadi Kitale niliendesha gari langu, ambalo nilikuwa nimelisifia kwa kila mtu Ndalu. Siku hiyo sikulikumbuka hata rangi.

Niliwakuta kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja. Mama alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona, na yale mashavu yangu ya fahari yamekaa juu yake kama kitu cha mtu mwingine. Sista alikuwa amesimama karibu na kichwa chake. Hakunisalimu.

"Ulivitupa," alisema.

Haikuwa swali.

Daktari wa zamu, kijana mpole, alikuwa akiuliza ni dawa gani hasa mgonjwa amekuwa akitumia, na kama kuna mtu amekuja nayo. Mwenye nayo alikuwa shimo la choo. Sista akafungua mkoba wake wa kufumia, akapekua chini ya uzi, akatoa karatasi ya vidonge vyeupe vidogo. Akakitoa kimoja, akakishika mbele ya macho ya Mama. "Mama, niangalie mimi. Vilikuwa kama hiki?" Mama alichelewa sana. Kisha akafumba macho na kuyafumbua, akatikisa kichwa kukubali.

"Siwezi kuapa ni hivi," Sista alimwambia daktari. "Lakini angalia uso. Angalia shingo na mikono. Ni steroidi, misimu miwili, na zimekatwa siku tatu zilizopita kwa mara moja. Mwili wake umesahau kujitengenezea."

Daktari alimtazama, akamtazama Mama, akapima presha tena. Hakubishana. Walimchoma sindano ya homoni ileile niliyokuwa nimeimwaga chooni kwa mhadhara, wakamwekea maji ya mshipa. Kufikia alasiri Mama alikuwa ameniita kwa jina langu na kuniuliza kama nimekula.

Tulipotoka kwenye veranda, Sista aliniambia kilichotokea, na alinieleza kama mtoto wa darasa la tatu. Sikustahili zaidi. Zile tezi za kwenye figo, alisema, zikiona kazi yao inafanywa na kibarua wa nje, zinalala. "Sasa wewe umemfukuza kibarua alfajiri, na mwenye boma bado amelala. Ng'ombe watakamuliwa na nani? Kibarua hafukuzwi, Diploma. Anapunguziwa siku. Leo kidogo, mwezi ujao kidogo, mpaka mwenyewe aamke."

Nilimuuliza ile dawa aliitoa wapi. Akasema muuguzi hatembei mikono mitupu. Niliona ni jibu zuri. Niliwaza kwamba ameweka sampuli za dawa zote mkobani, kama fundi na spana zake. Diploma yangu haina udhaifu wa kuuliza mara mbili.

Mama alipunguziwa dozi kidogo kidogo, miezi na miezi, chini ya macho ya daktari. Picha ya mgongo ilionyesha kwamba mfupa mmoja ulikuwa umekaliwa na mwenzake hadi ukabonyea, na ndiyo maana nguo zake zilikuwa zimerefuka bila kushonwa upya. Aliandikiwa madini ya chokaa, na pamoja nayo, nilisikia mwenyewe kwa masikio haya, vitamini D. Ya chupa. Nilimgeukia Sista aliyekuwa ametusindikiza. Alikuwa akihesabu vifundo vya ufumaji wake kwa makini ya ajabu.

Mashavu ya Mama yalirudi nyuma polepole. Magoti yalirudi pia, na fimbo ikatolewa nyuma ya mlango. Usidhani alishukuru moja kwa moja. Aliniambia, "Mmeniokoa, sawa. Lakini mimi nilikuwa nacheza, mwanangu. Mmenirudisha kwenye kiti." Nikamletea stuli ya kuwekea miguu. Muuza dawa wa Chwele alikuwa ameshahama na kipaza sauti chake, na wateja wake, wenye mashavu mazuri, walikuwa wakimuulizia soko hadi soko. Sista aliwazungukia mmoja mmoja na ujumbe uleule: msiache ghafla, twendeni hospitali.

Na huko kijijini watu walianza kuninong'onea kwamba Mama amekonda tangu nirudi. Ati pengine pesa zimeisha.

Sasa nifike kwenye siku ya mwisho nitakayoisimulia. Ilikuwa juzi, baada ya mavuno. Mama alinituma nimpelekee Sista jogoo na kopo la gorogoro lililojaa maharagwe, maana hakuwa ameonekana zahanati kwa wiki mbili. Sikuwahi kuingia nyumbani kwake. Nilikuta mapazia yamefungwa mchana kweupe, mapazia mazito, mawili kwa kila dirisha. Alikuwa kitini bila kofia. Nywele zilikuwa zimebaki hapa na pale kama shamba lililoliwa na ndege. Kwenye mashavu, toka upande huu hadi upande ule kupitia juu ya pua, kulikuwa na baka jekundu lililotambaa.

"Funga mlango," alisema. "Unaniletea jua."

Nikafunga. Macho yalipozoea, niliona meza. Juu yake kulikuwa na simu ya kioo kilichopasuka, lenzi, na karatasi ya vile vidonge vidogo vyeupe. Pembeni yake, chupa tatu. Sikuhitaji kuinama. Mwandiko niliutambua nikiwa mlangoni: MAMA, KIMOJA KWA SIKU.

Nilikaa. Yeye ndiye aliyeanza, labda kwa kunihurumia. Alisema ana lupus, ugonjwa ambao mwili hujipiga wenyewe, na jua huuchochea kama upepo na moto. Anao tangu akiwa muuguzi kijana. Vidonge hivyo vyeupe ndivyo vimemweka hai, na ndivyo vilivyompa uso ule, na ndivyo vinavyomla mifupa. Kila mwezi huenda kliniki Kitale. Uzi alikuwa akinunua kweli, alisema, ili asiwe mwongo kabisa.

"Kwa hiyo niliuona uso wa mama yako nikaujua," aliendelea. "Si wivu. Mimi huuona kila asubuhi kwenye kioo."

Sijui nani alimwambia kuhusu wivu. Nilikuwa nimewaza tu, au nilidhani nimewaza tu.

Nikamuuliza kuhusu chupa. Hakuona haya hata kidogo. Mtu asiyeweza kukaa juani na anayemeza steroidi anahitaji jua la chupa kuliko mtu yeyote Ndalu, alisema, na daktari wake alikubali aliposoma maandishi ya kwenye chupa. Mama alikuja nazo akilalamika ni kubwa kooni. Yeye akazipokea.

"Na ukanicheka mbele ya kanisa zima," nikasema.

"Niliwacheka wenye jua lao," akasema. "Sikusema hakuna mgonjwa." Kisha akaongeza: "Wangejua ninaumwa na jua, nani angemweka mtoto wake juani kwa neno langu? Wangesema, hata yeye analiogopa. Afadhali waseme ana kichaa cha mwavuli."

Nilizivuta zile chupa tatu nikazisogeza karibu na mkono wake.

Aliniambia kliniki yake ilikuwa siku ile, na alikuwa ameamua kutokwenda, maana miguu haimbebi hadi barabarani, na jua la saa tano limeshapanda. Nikasema gari langu liko ng'ambo ya soko. Nikasema pia kwamba haliwezi kufika mlangoni kwa sababu ya mtaro, na itabidi tupite katikati ya soko. Alifikiri. Akavaa sweta, soksi, kofia. Nikampa mkono wangu wa kushoto, na kwa wa kulia nikafungua mwavuli mweusi, ambao kwa karibu ulikuwa umeshonwa mara nyingi kwa uzi wa sweta za watoto.

Tulitembea kwa mwendo wake. Vibanda vyote vilitoa vichwa, kisha vikapata sauti. Khocha alikuwa amesimama kwa kinyozi, na hakuweza kujizuia. "Si mnione nyinyi," aliwaambia wenzake. "Mtu wa Ulaya siku hizi anabeba mwavuli wa bibi. Ati hiyo ndiyo kazi, bana?"

Nilimjibu bila kusimama, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa mifugo, kwamba hiyo hasa ndiyo kazi, na kwamba nina diploma yake.

Sista aliubana mkono wangu. "Basi shika vizuri," alisema. "Jua liko upande huu."

Nikauhamisha mwavuli upande wa jua.